Kompyuta mpakato kwa fedha kidogo: Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la wengi limehamia kwenye kompyuta, na hapo ndipo tatizo jipya linapoanzia, kwa sababu daftari lililo ndani ya kompyuta mbovu nalo hupotea bila habari.

Katika makala haya nitaeleza jinsi mkulima, katibu wa chama cha msingi au mwenye duka anavyoweza kuchagua kompyuta mpakato, ambayo wengi tunaiita laptopu, itakayodumu bila kumlazimisha kuvunja kibubu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nakisaidia chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa mkoani Songwe kupanga hesabu zake. Chama kilikuwa na wanachama zaidi ya 300, na kumbukumbu zote zilikuwa katika madaftari makubwa yaliyoanza kuchanika. Kamati iliniuliza, kwa kuwa mimi ni mchumi wa kilimo na nimesoma chuo kikuu, inunue kompyuta gani. Fedha iliyotengwa ilikuwa Sh650,000.

Nilijibu kama wengi wanavyojibu: nunueni mpya. Tulikwenda duka moja mjini tukachukua kompyuta mpya, nyembamba, inayong'aa, ikiwa bado na nailoni yake. Muuzaji alitupa na begi la bure. Hakuna aliyeuliza ndani yake kuna nini, hata mimi.

Msimu wa kwanza ilifanya kazi, ingawa kwa kusuasua. Msimu wa pili, siku nne kabla ya wakulima kulipwa malipo ya pili, iligoma kuwaka. Fundi aliifungua, akaitazama, akatikisa kichwa. Sehemu ya kuhifadhia kumbukumbu ilikuwa imechomelewa kwenye ubao wa ndani, hivyo haikuwezekana kuichomoa na kuisoma kwenye kompyuta nyingine. Nakala pekee iliyokuwa kwenye flashi ilikuwa ya miezi mitatu nyuma, kabla msimu haujaanza.

Ilibidi kilo za kila mkulima zihesabiwe upya kutoka kwenye vitabu vya stakabadhi. Kazi hiyo ilichukua siku 11. Waliokuwa wakisubiri fedha za ada walisubiri, na baadhi yao wakaenda kukopa kwa walanguzi kwa ahadi ya kahawa ya msimu unaofuata.

Mzee mmoja alinijia ofisini akaniuliza, "Mwanangu, kilo zangu zilikuwa humo ndani ya hicho kidude?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mzee."

Akasema, "Basi bora mngebaki na daftari."

Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ni sehemu ya jibu langu.

Kwanza jiulize kama unaihitaji

Si kila mfanyabiashara anahitaji kompyuta. Mwenye genge au duka dogo anayeuza bidhaa chache kwa fedha taslimu anaweza kuendesha shughuli zake vizuri kwa daftari na simu ya kisasa. Fedha ambayo angeinunulia kompyuta ingeweza kuongeza mzigo dukani na kuzaa faida kila wiki.

Kompyuta huanza kuwa na maana pale hesabu zinapokuwa nyingi kuliko uwezo wa daftari. Mathalani, mfanyabiashara wa mazao anayenunua kutoka kwa wakulima 80 kwa bei tofauti, mfugaji wa kuku mwenye mabanda kadhaa anayetaka kujua banda lipi linakula chakula bila kutaga, au chama cha akiba na mikopo kinachokokotoa riba za wanachama.

Aidha, shughuli nyingi za kiofisi zimehamia mtandaoni. Ritani za kodi huwasilishwa TRA kwa mtandao, na vyama vya ushirika vina mfumo wa MUVU ulioanzishwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kazi hizo zinaweza kufanyika kwa kompyuta ya kawaida kabisa. Hakuna hata moja inayohitaji mashine ya mamilioni.

Ukishajua kazi, utajua mashine. Kuandika barua, kutunza hesabu kwenye Excel, kutuma barua pepe na kuingia katika mifumo ya serikali ni kazi nyepesi. Anayekuambia unahitaji kompyuta ya michezo kwa kazi hizo anataka kukuuzia tu.

Piga hesabu ya miaka

Mkulima anaponunua pampu ya kunyunyizia dawa haangalii bei tu. Anajiuliza itadumu misimu mingapi, vipuri vinapatikana wapi na fundi wake ni nani. Kompyuta nayo ni zana ya kazi, hivyo inastahili maswali yale yale.

Tuchukue mfano. Kompyuta mpya ya daraja la chini inauzwa Sh650,000, inadumu miaka miwili, kisha haitengenezeki. Gharama yake ni Sh325,000 kwa mwaka.

Kompyuta ya mtumba ya daraja la kiofisi inauzwa Sh550,000. Unaibadilishia betri kwa Sh80,000 na kuiwekea diski mpya kwa Sh90,000. Jumla ni Sh720,000. Ikidumu miaka minne, gharama yake ni Sh180,000 kwa mwaka, na mwishoni bado ina kitu cha kuuza.

Bei hizo ni za mfano, na utazibadilisha kulingana na soko la siku utakayonunua. Lakini njia ya kukokotoa haibadiliki: jumlisha bei na matengenezo yote unayotarajia, kisha gawanya kwa miaka. Utaona kwamba mashine iliyokuwa rahisi dukani ndiyo iliyo ghali shambani.

Hesabu hiyo haijagusa hasara kubwa zaidi, yaani siku ambazo kazi imesimama. Siku 11 za wakulima wale hazikuandikwa kwenye risiti yoyote, lakini zililipwa.

Kwa nini mtumba wa kiofisi

Kampuni kubwa za kutengeneza kompyuta huwa na madaraja mawili makuu ya bidhaa. Lipo la majumbani, linalouzwa kwa sura na bei, na lipo la maofisini, linalouzwa kwa makampuni yanayonunua mashine nyingi kwa pamoja na kutaka zidumu bila usumbufu.

Katika daraja la maofisini zimo Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad. ThinkPad ilianzishwa na IBM mwaka 1992 na ikahamia Lenovo mwaka 2005. Mashine hizi huwa na bawaba imara, kibodi nzuri, na nyingi hufunguka kwa bisibisi ya kawaida ili kubadili diski, betri au kuongeza RAM. Vipuri vyake hupatikana kwa urahisi kwa sababu zilitengenezwa kwa wingi.

Makampuni ya Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba huzitumia kwa miaka mitatu hadi mitano, kisha huzibadilisha zote kwa mkupuo. Hizo ndizo zinazofika kwetu, nyingine moja kwa moja na nyingine kupitia Dubai, na kuuzwa Kariakoo na katika maduka ya mikoani.

Kwa hiyo, kwa mwenye fedha kidogo, mashine ya kiofisi iliyotumika miaka minne mara nyingi ni bora kuliko mashine mpya ya daraja la chini. Hata hivyo, kuna mtumba na mtumba, kama ilivyo kwa nguo. Ndiyo maana lazima ujue cha kutazama.

Mambo matatu ya ndani

La kwanza ni prosesa, ambayo ndiyo injini ya kompyuta. Wauzaji wengi hutangaza "Core i5" au "Core i7" kana kwamba hiyo inatosha. Haitoshi. Kinachofuata baada ya jina hilo ndicho kinachoeleza umri wa injini.

Chukua prosesa iliyoandikwa i5-8250U. Tarakimu ya 8 iliyo mara baada ya kistari inaonyesha kwamba ni ya kizazi cha nane, iliyotoka mwaka 2017. Iliyoandikwa i7-6600U ni ya kizazi cha sita, ya mwaka 2015. Mteja asiyejua huikimbilia i7, lakini hiyo ina viini viwili vya kufanyia kazi wakati i5 ile ina vinne. Ikiwa namba ni i5-10210U, soma 10, maana yake kizazi cha kumi.

Kizazi kina umuhimu mkubwa sasa kutokana na jambo lililotokea Oktoba 14, 2025. Siku hiyo Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika, lakini ziliacha kupokea marekebisho ya usalama ya kawaida, na mpango wa nyongeza kwa watumiaji binafsi waliojiandikisha uliwekewa kikomo cha Oktoba 2026.

Windows 11 iliyofuata hukubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana, na za AMD kuanzia baadhi tu ya Ryzen za mfululizo wa 2000. Kutokana na hali hiyo, makampuni mengi yalikuwa na sababu ya kuziondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba. Ukikuta mashine ya namna hiyo inauzwa bei ya kutupa, jua kwa nini.

La pili ni RAM. Hii ni kama meza ya kufanyia kazi; ikiwa ndogo, unalazimika kushusha daftari moja ndipo uweke jingine. RAM ya GB 4 inawasha kompyuta lakini inakuchosha. Chukua GB 8 kama kiwango cha chini. Uliza pia kama inaweza kuongezwa, kwa sababu katika mashine nyingi nyembamba RAM imechomelewa na haiongezeki.

La tatu ni hifadhi, yaani ghala. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka kwa kasi, na mtikisiko wa pikipiki au daladala unaweza kuzidhuru. SSD haina kitu kinachozunguka, inastahimili safari vizuri zaidi na inaifanya hata kompyuta ya zamani iwake haraka. SSD ya GB 256 inatosha hesabu za chama kwa miaka mingi.

Jihadhari na mashine mpya za bei ya chini zenye hifadhi iitwayo eMMC ya GB 32 au 64. Hiyo huchomelewa kwenye ubao. Ikijaa, Windows inakosa nafasi ya kujisasisha. Ikifa, imekufa na kumbukumbu zako. Hicho ndicho tulichokinunua kwa ajili ya wakulima wa Songwe, huku tukishangilia begi la bure.

Kwa anayetaka majina ya kuanzia, Dell Latitude 5490, HP EliteBook 840 G5 na Lenovo ThinkPad T480, zote za mwaka 2018, ni mifano mizuri. Zina nafasi mbili za kuweka RAM na SSD yake hubadilishwa. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine inayochomolewa kwa nje, jambo linalofaa sehemu zenye katizo la umeme. Lakini soma namba ya prosesa hata hapo, kwani baadhi ya mashine za majina hayo ziliuzwa na prosesa za kizazi cha saba.

Nusu saa dukani

Usilipe kabla ya kukaa na mashine kwa nusu saa. Muuzaji anayekuharakisha anakupa sababu ya kuondoka. Nenda na simu yenye bando, flashi na kalamu, kisha fanya yafuatayo.

Iwashe kwa betri pekee bila chaja. Ikizima baada ya dakika chache, betri imekwisha, na bei lazima ishuke.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika dxdiag, kisha bonyeza Enter. Utaona jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM. Linganisha na ulichoambiwa.

Bonyeza tena Windows na R, andika cmd, na katika dirisha litakalofunguka andika powercfg /batteryreport. Kompyuta itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilipoiweka. Ifungue, tafuta mstari wa DESIGN CAPACITY, ambao ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na wa FULL CHARGE CAPACITY, ambao ni uwezo wake wa sasa. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 35,000, betri imebakiza asilimia 70. Ikiwa imebakiza chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya.

Angalia afya ya diski kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo, ambayo unaweza kwenda nayo kwenye flashi. Ikiandika Good, diski ni salama. Ikiandika Caution au Bad, dai diski nyingine au uondoke.

Fungua ukurasa mtupu na uandike kila herufi na kila namba ya kibodi. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Unganisha intaneti kutoka kwenye simu yako. Cheza video kwa dakika 20 ukisikiliza feni na kugusa sehemu ya chini. Joto ni kawaida, lakini isiunguze, na isizime.

Ifunge na kuifungua mara kadhaa. Kioo kikiyumba au bawaba ikitoa mlio wa kuvunjika, hiyo haitamaliza msimu.

Zima, kisha uwashe huku ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa ThinkPad. Utaingia kwenye mipangilio ya msingi. Ikiomba nywila ambayo muuzaji haijui, iache hapo hapo. Vivyo hivyo, ikiwa inapoanzishwa upya inadai barua pepe ya kampuni fulani ya nje, bado imefungwa kwa mwenyewe wa zamani. Ama haikuachiliwa, ama iliibwa. Fundi anaweza kukuahidi kuifungua, lakini inaweza kujifunga tena ukiwa katikati ya kazi.

Mwisho, kagua chaja. Soma maandishi yake ya chini. Iandikwe kwamba inapokea umeme wa volti 100 hadi 240, na wati zake zilingane na zinazohitajika na mashine, ambazo kwa nyingi za kiofisi ni 65. Chaja za bandia zenye wati pungufu huchelewesha kuchaji, hupata moto kupita kiasi na zinaweza kuharibu mashine.

Risiti ni sehemu ya kompyuta

Wengi hukataa risiti ili wapunguziwe bei. Hilo ni kosa. Dai risiti ya EFD, na uombe namba ya mashine, ile iliyobandikwa au kuchapwa chini yake, iandikwe kwenye karatasi ya mauzo pamoja na prosesa, RAM na diski.

Karatasi hiyo ina kazi tatu. Inakulinda iwapo mashine itadaiwa kuwa ya wizi. Inakupa nguvu ya kudai dhamana. Vilevile inakiwezesha chama au biashara kuiingiza kwenye vitabu kama mali.

Dai dhamana kwa maandishi, angalau mwezi mmoja, na iseme wazi inahusu nini. Dhamana ya mdomo huisha ukivuka barabara. Ukiuziwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kushughulikia bidhaa za namna hiyo, lakini bila risiti utakuwa na hadithi tu.

Kwa vyama, ningeshauri watu wawili au watatu wa kamati waende pamoja, mmoja akiwa kijana anayezijua mashine hizi. Tulikwenda watu watano kununua ile ya Songwe, na wote tulitazama rangi.

Programu zisikumalize

Kompyuta nyingi za mtumba za kiofisi zina leseni ya Windows iliyokuja nazo. Ukiona maandishi kwenye kona ya kioo yanayokutaka uiamilishe, ujue leseni haipo au haijaunganishwa. Mwambie muuzaji alishughulikie kabla ya kulipa. Usikubali programu za wizi za kufungulia leseni, kwa kuwa nyingi huja na virusi vinavyoiba nywila, zikiwemo za benki.

Kwa kuandika na kupiga hesabu, LibreOffice ni programu ya bure inayofungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Si jambo geni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kazi ya kuitafsiri OpenOffice.org, ambayo LibreOffice imetokana nayo, na toleo la Kiswahili likaitwa Jambo OpenOffice.

Mwenye kompyuta ya kizazi cha saba kurudi nyuma naye asiitupe. Anaweza kuiwekea mfumo wa bure kama Linux Mint au Ubuntu, ambao hupokea marekebisho ya usalama na ni mwepesi. Muhimu ahakikishe kwanza kwamba mifumo ya serikali na printa anayotumia vinafanya kazi humo.

Umeme, vumbi na nakala

Kompyuta mpakato ina faida moja kubwa kwetu: inatumia umeme kidogo. Betri za nyingi huwa na Wh 40 hadi 60, kiasi ambacho sola ndogo ya nyumbani inaweza kukirudisha kwa siku yenye jua. Kwa anayetumia Tanesco, nunua kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaoruka, na uchomoe chaja kunapokuwa na radi.

Vumbi la shambani na unga wa mashine ya kusaga huziba feni. Peleka kompyuta kwa fundi isafishwe mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu. Usiitumie ukiwa umeiweka juu ya blanketi au gunia, maana pumzi yake hutokea chini au ubavuni.

Hata hivyo, hata ukinunua vizuri na kutunza vizuri, kompyuta yoyote inaweza kufa au kuibwa. Kwa hiyo utaratibu wa nakala ndio bima ya kweli. Weka moja ndani ya kompyuta, ya pili kwenye flashi au diski ya nje inayolala nyumba nyingine, na ya tatu kwenye intaneti. Google Drive, kwa mfano, inatoa GB 15 bure, na mafaili ya hesabu za chama kizima hayafiki hata robo ya hapo.

Panga siku moja ya wiki ya kutengeneza nakala, na wakati wa msimu fanya kila jioni kabla ya kufunga ofisi. Aidha, jaribu kufungua nakala hizo mara moja moja, maana nakala isiyofunguka haina tofauti na kutokuwa nayo.

Kumbuka pia kwamba majina, namba za simu na malipo ya wanachama ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayezitunza azilinde. Weka nywila, na siku ya kuiuza kompyuta hiyo, diski ifutwe kabisa au ibaki kwako.

Walipofikia Songwe

Chama kile hakikurudi kwenye daftari peke yake. Msimu uliofuata kilinunua kompyuta ya mtumba ya kiofisi, kwa fedha pungufu ya ile ya kwanza, baada ya katibu wake kukaa dukani kwa zaidi ya saa nzima akikagua mashine nne na kuzikataa tatu. Betri ilibadilishwa mwezi huo huo.

Kila jioni ya msimu katibu hutoa nakala kwenye flashi mbili. Moja inalala kwenye kasha la fedha la chama, nyingine anakwenda nayo mweka hazina nyumbani. Vitabu vya stakabadhi navyo vimebaki, kwa agizo la mkutano mkuu, na mwisho wa kila wiki jumla yake hulinganishwa na ya kwenye kompyuta.

Aliyetoa hoja hiyo ya vitabu mkutanoni alikuwa yule mzee. Alisema kompyuta haikatai, ila anataka kilo zake ziandikwe mahali pawili. Wanachama walimuunga mkono, nami pia.